Kila Janga Lina CV Yake: Soma Hii Kabla Ulipie Ploti Karibu na Sabaki

Maze, tuseme umepata dili. Ploti Magarini, karibu na Mto Sabaki, udongo mweusi, bei ya kutupa. Ni Januari, jua linawaka, mto umetulia huko chini kama mtoto aliyeshiba. Unatoa doo? Ngoja kwanza.

Mtu akitaka kuandika msee kazi, anaitisha CV. Janga nalo lina CV. Wataalamu wanaiita wasifu wa janga, na si kitu ngumu. Ni maswali matano tu: Linatoka wapi? Linapiga wapi? Linakuja miezi gani, na limeshakuja mara ngapi? Linakuja kwa spidi gani? Na nani yuko kwa njia yake?

Sasa chanuka, tupitie za Kilifi.

Sabaki: mvua yake hainyeshi kwenu

Huu mto unaanzia juu huko Ngong na Kanairo ukiitwa Athi, unapita Tsavo ukiitwa Galana, halafu ndio unafika kwenu ukiitwa Sabaki na kumwagika baharini, kaskazini mwa mji wa Malindi. Ndiyo maana unaweza kuanika nguo Malindi, mbinguni hakuna hata wingu, na mto unapanda tu.

Huo ndio ubaya wake. Uzuri wake ni kwamba maji hayo huchukua siku kadhaa kufika. Ukiona video za Kanairo wasee wakiogelea barabarani, usicheke tu na kushea. Hiyo ni habari yako inakuja.

Miezi yake: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Rekodi yake: El Niño ya 1997, masika ya 2018, El Niño ya 2023. Mtu akikukosea mara tatu hivyo, hiyo si bahati mbaya tena. Ni tabia.

Mafuriko mengine, CV nyingine

Novemba 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Mbogolo na barabara ya Malindi kwenda Mombasa ikakatika. Hii haikuwa Sabaki. Vijito vya huku kwetu hujazwa na mvua ya hapa hapa, na vinapanda kwa masaa, si kwa siku. Jina ni moja, mafuriko, lakini kwa Sabaki una muda wa kuhamisha mbuzi na godoro. Kwa kijito, una muda wa kutoka tu. Usijaribu kuvuka.

Ukame: unakuja polepole

Enda Ganze uulize. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Ukame haupigi kelele, kwa hivyo watu hungoja mpaka ng'ombe ashindwe kusimama ndio watafute mnunuzi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya Kilifi kila mwezi. Mwenye mifugo akiifuata, anauza akiwa bado na mnyama wa kuuza.

Tsunami: nadra, lakini ishafika

Tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, huku kwetu ikiwa karibu saa kumi alfajiri. Mawimbi yalifika Kenya mchana. Katikati hapo kulikuwa na masaa, na polisi walitumia muda huo kuondoa watu ufuoni. Pia tulibahatika, maji yalikuwa yamekupwa. Bado mtu mmoja alikufa maji upande wa Malindi. Somalia walikufa karibu watu 300. Kwa hivyo ukiambiwa utoke beach, toka. Selfie itangoja.

Rudi kwa ploti yako

Kabla ya kulipa, usimuulize broka. Muulize mzee aliyezaliwa hapo, na kina mama wanaolima kando ya mto: 2018 maji yalifika wapi? 2023 je? Angalia alama ya tope kwa kuta za zamani na kwa miti. Uliza njia ya kupanda juu ni ipi usiku, stima ikiwa imepotea. Andika majibu kwa simu. Hapo tayari umetengeneza wasifu wako.

Na si lazima jibu liwe "hama". Ule udongo mweusi uliokuvutia uliletwa na mto wenyewe ukifurika, ndiyo maana watu hawaachi kulima pale. Lima bondeni, lakini keja jenga juu, na mahindi yako yavune kabla mvua haijaanza kule Kanairo.

Mto hauwezi kuuhamisha, bro. Lakini ukishajua tabia zake, haukupati umelala.