Ugandishaji wa rezini za meno kwa mwanga

Ugandishaji wa rezini za meno kwa mwanga ni njia ya kugeuza rezini laini iliyojazwa katika tundu la jino kuwa ngumu kwa kuimulika kwa taa ya buluu. Wagonjwa wengi huijua kama kuziba jino kwa rangi ya jino, tofauti na amalgamu ya rangi ya fedha yenye zebaki ndani yake. Kemikali ya msingi, Bis-GMA, ilipewa hataza mwaka 1962 kwa jina la Rafael Bowen wa Marekani.

Namna inavyofanya kazi

Ndani ya rezini kuna kiamshi, kwa kawaida kamforakwinoni, kinachofyonza zaidi mwanga wenye mawimbi ya nanomita 468 hivi. Hapo molekuli huungana kuwa minyororo ya polimeri. Haziungani zote: mara nyingi ni nusu hadi robo tatu ya vifungo. Kadiri vinavyoungana vichache, jino lililozibwa huchakaa upesi, hunyonya maji na kubadilika rangi.

Nguvu, muda na kina

Taa ya miliwati 400 kwa sentimita ya mraba ikimulika sekunde 40 hutoa jouli 16. Ya miliwati 800 hutoa kiasi hichohicho kwa sekunde 20. Matokeo hayalingani daima. Rezini ikiganda husinyaa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi, na ikiganda ghafla huvuta kuta za jino na kuacha mwanya. Kuanza na mwanga hafifu hupunguza mvuto huo maabarani, ingawa faida yake kwa wagonjwa haijaonekana wazi. Taa kali sana pia huweza kuunguza kiini cha jino.

Tatizo kubwa liko chini ya tundu. Mwanga hupungua ukipenya, hasa katika rezini ya rangi nzito au ncha ya taa ikiwa mbali, kwa hiyo rezini za kawaida huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2. Juu huganda hata kwa mwanga duni. Tabibu akigusa kwa kifaa huona kazi imekamilika, kumbe chini bado ni laini.

Taa za halojeni hufifia balbu ikizeeka au umeme ukiwa mdogo, lakini kwa macho bado ni buluu. Ni kipima mwanga tu kinachofichua. Taa za LED hudumu zaidi na nyingi hutumia betri, jambo la maana umeme unapokatika.

Nyanda za Juu Kusini

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa ni zaidi ya mita 1,500. Asubuhi za Juni na Julai huwa baridi, na rezini baridi ni nzito kutandaza. Ikimulikwa kabla ya kupata joto, vifungo vichache zaidi huungana. Inafaa itolewe kwenye friji mapema.

Zahanati isiyo na umeme ina njia nyingine: kuchokoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi-ayonoma, inayoganda yenyewe bila taa. Njia hiyo ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Umuhimu wa zote mbili umeongezeka tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipoanza kubana matumizi ya amalgamu.