Ukuta Kama Matini: Michoro ya Bayeye na Mipaka ya Fasihi Simulizi

Uainishaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili umejengwa zaidi juu ya sauti: hadithi husimuliwa, nyimbo huimbwa, semi hutamkwa. Mchoro, hata unapobeba kisa, huachiwa wanaanthropolojia na makumbusho. Michoro ya ukutani ya Bayeye inaonyesha udhaifu wa mpaka huo.

Bayeye ni chama cha siri cha wachezeaji nyoka na waganga wa sumu yao, kilichojulikana Usukumani na Unyamwezi, nchi ambayo kusini mwake Ipole imo njiani kutoka Tabora kwenda Mpanda. Jina halimtatizi msemaji wa Kiswahili: ba- ya watu ni wa-, na bu- ya Buyeye, yaani chama chenyewe, ni u- ya ualimu. Unyamwezi ulitoa wapagazi wengi wa misafara ya karne ya 19. Kwa mtu aendaye Bagamoyo kwa miguu, dawa ya nyoka haikuwa jambo dogo.

Hans Cory alichapisha makala kuhusu chama hicho mwaka 1946, kisha mwaka 1953 kitabu kuhusu michoro yao. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba, si kwenye kuta za nje. Haikukusudiwa mpita njia; ilikusudiwa mwanachama, hasa yule anayefundishwa.

Hapo ndipo suala la kiisimu linapojitokeza. Msimulizi asiye na ukuta hulazimika kumjenga mhusika kwa maelezo. Aliye mbele ya mchoro anaweza kusema "huyu", akaonyesha kwa kidole, na kirejelewa kikapatikana nje ya maneno. Masimulizi ya namna hiyo yakinakiliwa bila picha, vioneshi vyake huning'inia. Picha nayo ikinakiliwa bila masimulizi, hubaki nyoka na mtu tu. Kitabu cha Cory kimehifadhi maumbo pamoja na ufafanuzi wa Kiingereza, na ni hazina kwa hilo. Hata hivyo, ufafanuzi si usimulizi: haumwonyeshi fundi alipotua, alichokirudia, wala alichomwachia mwanafunzi akijaze.

Mtafiti wa leo anayekutana na mzee anayekumbuka kuta hizo hana budi kurekodi sauti na kidole kwa pamoja, kisha katika unukuzi akiunganishe kila kioneshi na umbo linaloonyeshwa.