Historia ya mtepe imo majaridani, lakini Kismayo bado haijafika

KISMAYO, Somalia

Mfanyabiashara anayepeleka mizigo kati ya Lamu na Kismayo akitaka kujua bei ya sukari au mafuta ya kupikia, simu moja inamtosha. Akitaka kujua mababu zake walivyounda chombo cha baharini bila msumari wa chuma, simu haimfikishi mbali. Atahitaji jarida la mwaka 1941, nalo lilichapishwa Uingereza.

Chombo hicho ni mtepe. Mbao zake zilitobolewa kwa keke, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kukazwa kwa vigingi vya mti. Ulikuwa na mlingoti mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Omo lake liliinuka mbele kama shingo ya ngamia, na wenyeji walisimulia kuwa mfano huo ulikuwa wa ngamia wa Mtume. Mtepe ndio uliobeba boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu. Watu waliosifika kwa chombo hiki ni Wabajuni, ambao makazi yao yanaanzia Faza na Kizingitini upande wa Kenya, yakivuka Rasi Kiamboni hadi visiwa vya Chovai, Chula na Koyama, na kuishia Kismayo.

Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini. Majahazi na mashua za misumari zilichukua nafasi yake, na fundi aliyejua kushona alikufa na ujuzi wake. Kilichobaki ni vielelezo vidogo kwenye makumbusho, ikiwemo ya Lamu, na maandishi.

Wageni walioandika

Maandishi hayo si haba. Mwaka 1941 James Hornell, mtaalamu wa uvuvi na vyombo vya baharini, alichapisha makala kuhusu mtepe na dau la visiwa vya Lamu katika The Mariner's Mirror, jarida la Uingereza lililoanza mwaka 1911. Mwaka uliofuata makala hiyo ilitoka tena Dar es Salaam, katika Tanganyika Notes and Records. Mholanzi A.H.J. Prins aliandika kitabu kizima juu ya mabaharia wa Lamu mwaka 1965, kisha mwaka 1982 akaurudia mtepe katika Paideuma, jarida la Ujerumani.

Upande wa Somalia, J.A.G. Elliot alisimulia ziara yake ya visiwa vya Wabajuni katika jarida la Chama cha Afrika la London, miaka ya 1925 na 1926, wakati Jubaland ilipokuwa ikitoka mikononi mwa Waingereza na kuingia kwa Waitaliano. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alitoa kitabu chake kuhusu wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955. Neville Chittick alieleza magofu ya pwani ya kusini mwa Somalia katika jarida la Azania mwaka 1969. Mwaka 1980, katika jarida la kimataifa la akiolojia ya baharini, alionyesha kuwa kazi ya kushona vyombo ilikuwa bado haijafa kabisa nchini humo.

Hiyo ni hazina. Ila karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza, Kitaliano na lugha nyingine za Ulaya, na waandishi wake ni watu waliokuja, wakatazama, wakaondoka. Fundi ametajwa, kazi yake imechorwa, lakini hakuandikiwa yeye.

Fundi mwenye jarida lake

Tofauti inaonekana ukitazama mafundi wa kwingine. Nchini Marekani vijana walizoea kuchukua magari makuukuu, mara nyingi Ford, wakayavua madigadi, wakayashusha chini na kuyaongezea nguvu ya injini. Ilikuwa kazi ya gereji za mitaani. Mwaka 1948 likaanzishwa jarida lao, Hot Rod, huko Los Angeles. Aliyejifunza njia ya kuunga kipuri fulani aliweza kumsomesha mwenzake aliye mbali maelfu ya kilomita, ambaye hawajawahi kuonana. Ndiyo maana hadi leo mtu anayetaka kuunda gari la aina hiyo kwa mtindo wa zamani hakosi pa kuanzia.

Vyombo vya mbao navyo vina jarida la namna hiyo. WoodenBoat, lililoanza mwaka 1974 katika jimbo la Maine, huandikia watu wanaoshika tezo na randa. Fundi wa Matondoni, kijiji cha Lamu kinachojulikana kwa majahazi, angeielewa michoro yake hata kama Kiingereza kinampita. Kinachokosekana ni jarida kama hilo litakalozungumza naye kwa lugha yake juu ya chombo chake.

Umuhimu wake ulionekana Zanzibar. Mwaka 2003 uliundwa upya mtepe wa ukubwa kamili, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Hapakuwa na mtepe wa zamani uliosalia wa kuigiza. Katika hali hiyo vielelezo na michoro ndivyo humwongoza fundi. Kisha Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Mbao huoza na nyumba huanguka, lakini maandishi yaliyo katika nakala nyingi hayapotei kwa siku moja.

Karatasi inapokuwa ushahidi

Kwa Wabajuni jambo hili si la kujifurahisha tu. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatoa wengi visiwani na Kismayo. Wengine walikimbilia Mombasa, wengine wakafika Ulaya. Huko waliulizwa swali gumu: utathibitishaje kuwa wewe ni Mbajuni? Uingereza, baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi wa mwongozo mwaka 2004 uliojadili uzito wa kujua Kibajuni katika madai ya aina hiyo. Mtu aliyekulia kambini, asiyejua majina ya visiwa vya wazazi wake wala sehemu za chombo, huenda akakosa jibu mbele ya afisa aliyekwisha kusoma.

Pa kuyapata

Anayetaka kuanza leo hana haja ya kwenda London. Nairobi kuna maktaba ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo iliyoanzisha Azania. Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu ina sehemu ya Afrika Mashariki yenye Tanganyika Notes and Records. Kwa mwenye simu na intaneti, mwanaisimu Derek Nurse ameweka bure maandishi yake juu ya Wabajuni, lugha yao, historia yao na visiwa vyao. Makala za majarida ya Uingereza nazo zimo mtandaoni, ingawa nyingi hulipiwa. Kwa mambo ya uundaji, aanze na Hornell. Kwa maisha ya baharini, Prins. Kwa Wabajuni wa Somalia wenyewe, Grottanelli, akimpata wa kumtafsiria.

Somalia ilikamilisha uanachama wake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya hiyo. Mikutano itajadili ushuru na viza. Makala ya kurasa chache haihitaji mkutano. Mfanyabiashara anayekwenda Nairobi kununua bidhaa anaweza kutoa fotokopi, akaitia pamoja na risiti zake na kuifikisha Kismayo. Akimwonyesha mzee michoro ile, amwombe ataje kila sehemu kwa Kibajuni, na kijana aandike pembeni. Hapo ukurasa utakuwa na neno la mwenye chombo karibu na neno la mgeni.

Mabaharia wa pwani hii husema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Habari za mtepe zimezunguka London, Roma na Frankfurt. Zilizobaki kurudi ni safari ya siku chache tu.