Wikendi ya watoto Kisii na Nyamira: panga pesa kabla ya kupanga mabegi

Kila midterm ikikaribia, wenzetu wa huduma kwa wateja huanza kupokea simu za aina moja. Mzazi yuko njiani au ameshafika, watoto wamechoka wanalia, na kuna pesa imeenda mahali haikufaa kwenda. Ndiyo maana leo tunazungumzia safari ya mashambani, tena Kisii na Nyamira: milima ya kijani, chai, ndizi kila kona, na malipo madogo madogo kwa watu ambao hujawahi kuwaona.

Tuanze na mwenzetu mmoja hapa ofisini. Yeye na mkewe walitaka watoto wao wawili, wa miaka 3 na 6, waone ng'ombe akikamwa na majani chai yakichumwa. Wakapata tangazo mtandaoni la nyumba ya shambani upande wa Keroka. Picha safi, bei nafuu. Mwenye tangazo akasema kuna familia nyingine inaitaka, kwa hivyo atumiwe dipoziti ya shilingi 4,500 sasa hivi. Mwenzetu akatuma. Walipofika Ijumaa saa moja jioni, mvua inanyesha, nyumba ilikuwepo kweli, ila mwenyewe hakuwa na habari nao kabisa. Mtu alikuwa amechukua picha zake na kuzitangaza. Yule mama aliwahurumia, akawapa chumba, watoto wakanywa uji wa wimbi wakalala. Lakini si kila geti litafunguliwa hivyo, na ile 4,500 haikurudi.

Kinachotuuma ni kwamba simu ilimwonya. Alipoingiza nambari na kiasi, jina la mpokeaji lilitokea kabla ya kuweka PIN. Alikuwa akizungumza na mwanamke, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamume. Aliliona, akadhani ni mume wake, akabonyeza.

Dipoziti: pale ndipo pesa hupotea

Usimtumie mtu dipoziti kwa sababu anakuharakisha. Haraka ndiyo kazi yake. Mwambie akupigie simu ya video akiwa kwenye hiyo nyumba, akuonyeshe geti, jikoni, na choo (kwa mtoto wa miaka mitatu, choo ni jambo kubwa kuliko mandhari). Mwenye nyumba halisi hatakasirika. Kama una jamaa au mfanyakazi mwenzako anayetoka huko, na ni nani hana, muulize kama anapajua.

Ukiridhika, omba kulipia kwa nambari ya till au ya paybill. Hapo jina linalotokea ni la biashara, na kwa kawaida mteja hakatwi ada akilipa kwa till. Hii haimaanishi kila mwenye nambari ya kawaida ni mwizi. Nyumba nyingi za wageni mashambani ni za familia tu, hawajasajili biashara. Basi jina linalotokea lilingane na la mtu unayeongea naye. Lisipolingana, simama, uliza kwanza. Na usilipe yote. Lipa sehemu, nyingine ukishaingiza watoto ndani.

Ukigundua umetuma vibaya, usianze kubembelezana na aliyepokea. Omba pesa irudishwe saa hiyo hiyo. Kwa M-PESA, unasambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Tunasema saa hiyo hiyo kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa, hakuna kitu cha kurudisha.

Keshi kidogo, na kwa nini ajenti hukuambia "hakuna pesa"

Watu wa mjini hushangaa wakifika kwenye senta ndogo jioni na ajenti awaambie hana keshi. Si uvivu. Ajenti hutoa keshi ile ambayo wengine wameweka. Mashambani, wengi hupokea pesa kutoka kwa watoto wao walio mjini na kwenda kuitoa, kwa hivyo droo huisha mapema. Siku ya soko mambo hugeuka, wachuuzi wanaweka mauzo yao na keshi ipo. Kwa hivyo toa unachohitaji ukiwa mji mkubwa, Kisii au Keroka, asubuhi, na uwe na noti ndogo. Mtu wa boda au mama anayeuza ndizi kando ya barabara hana chenji ya elfu moja.

Kiasi gani? Sisi tungebeba pesa ya boda, ndizi, parachichi na maziwa ya siku mbili, basi. Mengine yalipwe kwa simu. Mpe mtoto mkubwa shilingi hamsini za sarafu amlipe mama wa ndizi mwenyewe. Utachelewa dakika kumi, lakini hilo atalisimulia shuleni.

Jambo la simu yenyewe. Pesa zote zisikae kwenye laini moja. Mtoto akichezea simu hadi betri iishe, au akibonyeza PIN vibaya mpaka ifungwe, mtakuwa mmekwama na nyumba ya watu haijalipwa. Gawanyeni, baba nusu, mama nusu. Na kwenye mabonde mtandao hupotea, kwa hivyo mkipaona juu kuna mtandao mzuri, lipeni hapo kabla ya kushuka. Ujumbe ukichelewa, angalia salio kwanza kabla ya kulipa mara ya pili.

Sasa, mtaenda wapi?

Sehemu hii ni ya juu, pengi ni zaidi ya mita 1,500, kwa hivyo beba sweta hata kama Nairobi kuna jua. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na hupenda kuja alasiri, kwa hivyo kazi ya nje ifanywe asubuhi. Mvua kubwa ya Machi hadi Mei tungeiepuka na watoto wadogo, barabara za udongo huteleza. Beba neti pia, na ukiona joto la mwili kwa mtoto usingoje. Malaria ipo hata huku juu.

Chai ndiyo utakayoiona kila upande Nyamira, kuanzia Nyansiongo hadi Kebirigo. Usiingie shamba la mtu kwa sababu linapendeza. Mwombe mwenyeji wako akuunganishe na jirani, mkubaliane mapema mtampa nini kwa saa yake, na umlipe yeye, si dalali aliyewafuata. Mtoto akifundishwa kuchuma majani mawili na kichipukizi chake, atachoka baada ya dakika ishirini na atataka ndama. Sawa tu. Kiwanda cha chai si mahali pa kubisha hodi na watoto. Kama mnataka kuingia, piga simu siku kadhaa kabla.

Ukingo wa Manga, upande wa Nyamira, una mandhari ambayo watu wazima hupenda kuliko watoto. Siku ya anga safi watu huonyeshana Ziwa Victoria kwa mbali. Ni mwamba mrefu, mshike mtoto mkono muda wote.

Tabaka, Kisii, ndipo tungetumia muda mwingi zaidi. Hapo huchimbwa mawe laini yanayochongwa kuwa viboko, tembo, bakuli na sahani. Mtoto ataruhusiwa kusugua kipande kwa msasa na maji, na hataki kuondoka. Vumbi ni jingi, kwa hivyo akae kando ya anayekata kwa msumeno, na mashimo ya machimbo, mengine yamejaa maji, yasisogelewe. Ukinunua, mlipe mchongaji au kikundi chake moja kwa moja, na usome jina kabla ya PIN kama kawaida. Funga kila kitu kwa magazeti. Jiwe hili likianguka huvunjika, na hakuna wa kukurudishia pesa.

Jambo la mwisho la mfuko: wekeni kando, kwenye akiba isiyoguswa, pesa ya hospitali na ya kurudi. Usitegemee mkopo wa simu wa kujazia salio kwa sababu ya likizo. Ada yake huongezeka kila siku, na Jumatatu mshahara utakatwa kabla hujanunua unga. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni kama kilomita 300 kupitia Sotik, Bomet na Narok, na mtoto mdogo atataka kusimama zaidi ya mnavyofikiri. Ndizi za kupeleka nyumbani nunueni Keroka siku ya kurudi, zikiwa mbichi, kwa sababu zilizoiva zitakuwa uji kabla ya Mai Mahiu.