Je, wajua? ATM na noti zake arobaini

Nenda kwenye ATM ya Malindi, Darajani au Shangani, hapa mjini Unguja, uombe shilingi 500,000 kwa mara moja. Mashine nyingi zitakukatalia, hata kama salio lako ni mara mbili ya hapo. Omba 400,000, zinatoka. Watu husema benki inabana pesa, na wageni wanaoshuka bandarini huona wameonewa. Sababu kubwa iko kwenye mdomo wa mashine. Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya 10,000, ile yenye tembo, na sehemu inayokusanya noti kabla ya kuzisukuma nje kwa kawaida imeundwa kubeba noti 40 hivi kwa mkupuo. Arobaini mara elfu kumi ni laki nne. Ukitaka zaidi unachomeka kadi tena, mpaka ufikie kiwango cha siku ambacho benki yako imeweka.

Ukiivua mashine hii ganda lake utakuta vitu viwili vilivyopandana. Juu kuna kompyuta isiyo na ajabu yoyote, kioo, kisomeo cha kadi na kichapishi cha risiti. Risiti yenyewe ni karatasi inayoandikwa kwa joto bila wino, ndiyo maana ukiisahau juani hugeuka nyeusi. Chini kuna sefu ya chuma, na ndani ya sefu mna makasha ambayo mafundi huyaita kaseti. Mara nyingi ni manne, na kila moja hubeba noti kama 2,000. Mashine ya kutolea haisomi thamani ya noti. Inachojua ni kwamba kaseti hii imesajiliwa kuwa ya elfu kumi na ile ya elfu tano, basi. Aliyepakia akikosea kaseti, mashine itatoa noti za elfu tano, zenye kifaru, mahali pa noti za tembo bila kushtuka, na ndiyo sababu kazi ya kupakia haiachiwi mtu mmoja peke yake.

Ule mtetemo unaousikia baada ya kubonyeza kiasi unachotaka ni sauti ya vikombe vya kufyonza hewa au magurudumu ya mpira yanayovuta noti moja moja kutoka kwenye kaseti, kama mchezaji karata wa barazani anavyogawa. Kila noti hupita kwenye kipimo cha unene. Noti mbili zikinatana, kipimo hugundua mara moja, nazo hutupwa kwenye kasha la pembeni la noti zilizokataliwa, kisha mashine huvuta nyingine. Hapa ndipo Unguja inapoipa mashine mtihani wake. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na masika huzidisha. Noti iliyonyonya unyevu hulegea, hunata, hujikunja pembeni, na kasha la noti zilizokataliwa hujaa kabla ya kaseti kuisha. Nayo chumvi hula viunganishi vya umeme na springi ndogo za chuma. Kwa hiyo unapoona mashine ya ufukweni imewekwa ndani ya kibanda chenye kiyoyozi, ujue ile baridi imewekwa kwa ajili ya noti na vyuma zaidi kuliko kwa ajili yako.

Mji Mkongwe nao una masharti yake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene lakini laini, na tangu mwaka 2000 mji wote uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huwezi kutoboa ukuta wowote unaoutaka ukapachika sefu ya chuma. Tena gari linaloleta fedha haliingii kwenye vichochoro. Ndiyo maana anayetafuta ATM mjini huambiwa atoke nje kwenye barabara: Shangani, Forodhani, Malindi, Darajani, Mlandege.

Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ina umri mkubwa kuliko mashine ya kwanza ya kutolea fedha. Benki hii ya Serikali ya Mapinduzi ilianzishwa mwaka 1966, mwaka uleule ilipoanza kazi Benki Kuu ya Tanzania. Mashine inayotambuliwa na wengi kuwa ya kwanza ilizinduliwa tarehe 27 Juni 1967 kwenye tawi la Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London. Wakati huo hapakuwa na kadi. Mteja alichukua dirishani hundi maalumu ya karatasi iliyotiwa alama ya kaboni 14, akaitumbukiza, akabonyeza namba, akapata pauni 10 na si zaidi. Mbuni wake, John Shepherd-Barron, alitaka namba ya siri yenye tarakimu sita, lakini mkewe Caroline alisema yeye anaweza kukumbuka nne tu. Tarakimu nne zikabaki, na nne ndizo tunazobonyeza hadi leo Mkunazini na Chake Chake. Mskochi James Goodfellow alikuwa ameshasajili hataza ya kadi na namba ya siri mwaka mmoja kabla, Mei 1966, na wapo wanaosema sifa ni yake.

Jina ninalotaka lijulikane zaidi kwetu ni la Mohamed Atalla. Alizaliwa mwaka 1924 Port Said, Misri, akaenda Marekani kusoma, na mwaka 1959 yeye na Dawon Kahng wakatengeneza aina ya transista ambayo leo imejaa kwenye kila simu na kila kompyuta. Baadaye aligeukia benki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alibuni kisanduku kinachoificha namba ya siri kwa hesabu za fumbo kabla haijasafiri kwenye waya. Kazi yake ndiyo msingi wa unachokigusa leo. Kibao cha namba kwenye ATM kimefungwa kwa namna ambayo namba hugeuzwa fumbo humohumo ndani, na mtu akijaribu kukipasua, funguo za fumbo hujifuta. Mfanyakazi wa benki haioni namba yako ya siri. Akikuuliza mtu yeyote akijidai anatoka benki, huyo ni mwizi.

Tanzania ilichelewa kuzipata mashine hizi, na chanzo kinajulikana. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki binafsi zilitaifishwa, na Bara ikabaki zaidi na Benki ya Taifa ya Biashara. Mlango ulifunguliwa tena kwa sheria ya benki ya mwaka 1991, na ATM ya kwanza nchini ikawekwa Dar es Salaam na Standard Chartered mwaka 1997, miaka 30 baada ya ile ya Enfield. Hapa Unguja jamii ya wafanyabiashara ilikuwa na benki zake tangu zamani. Jetha Lila ilifanya kazi Mji Mkongwe kuanzia 1880 hadi ilipofungwa 1968. Baada ya hapo wengi waliotaka benki walikwenda PBZ, na mshahara wa mtumishi wa serikali ukapitia huko.

Hali ya benki kama hiyo husomeka wazi: kila mwaka magazetini hutoka taarifa za hesabu za benki, kurasa zilizojaa tarakimu ambazo wengi huzipita haraka wakitafuta michezo. Zisome. Benki ikikua, ukuaji huo huonekana kwanza kwenye amana, yaani pesa za watu, na kwenye vitabu vya benki pesa hizo ni deni. Mali ya benki ni mikopo iliyotoa, dhamana za serikali ilizonunua na fedha taslimu iliyonayo, pamoja na zile zilizolala kwenye kaseti za ATM. Kwenye taarifa hizo utakuta ongezeko la amana, ongezeko la mali, uwiano wa mikopo kwa amana, mikopo isiyolipika, idadi ya wafanyakazi na idadi ya matawi. Faida pekee haitoshi kukwambia habari za benki. Benki inaweza kupata faida nzuri kwa kununua dhamana za serikali huku mvuvi wa Kizimkazi hajawahi kukanyaga mlangoni kwake.

PBZ imepanuka kweli: kutoka Unguja na Pemba imevuka bahari hadi Dar es Salaam, na tangu 2011 ina huduma za kibenki zinazofuata sharia, jambo lililowavuta watu waliokuwa wakiweka pesa chini ya godoro kwa kuchelea riba. Hata hivyo kipimo changu mimi ni kingine. Nataka kujua mama wa Jambiani anatumia muda gani na nauli kiasi gani ili ashike pesa yake mwenyewe.

Nina sababu ya kumtaja yeye. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani hufanyiwa kazi maji yakiwa yametoka, hasa siku za bamvua. Na bamvua Unguja lina saa zake: maji hujaa alfajiri na alasiri, hukupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo saa kaunta za benki ziko wazi. Mkulima wa mwani akienda benki mjini siku ya bamvua, ameacha shamba lake likiwa tayari kuvunwa, na atakaporudi maji yameshajaa. Kwa mtu huyu mashine inayofanya kazi saa mbili usiku ni kitu cha lazima kwa riziki yake.

Kwa miaka mingi mgeni aliyekwenda Nungwi aliambiwa atoe pesa mjini kabla hajaondoka, safari ya karibu kilomita 60. Siku hizi mashine zimefika Nungwi na Paje. Ni hatua, ingawa zilifuata hoteli kwanza, na wenyeji wakanufaika kwa kuwa majirani wa watalii.

Kuna jambo jingine ambalo mashine haiwezi kujitatulia, nalo ni umeme. Unguja hupata umeme wake kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara. Waya wa zamani ulianza kazi mwaka 1980 na kutokea Fumba. Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 giza likarudi na kudumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Betri ya ATM hustahimili muda mfupi tu, wa kumaliza muamala na kuzima kwa salama. Palipokosekana jenereta, mashine ilikuwa sanduku la chuma. Waya mpya wa megawati 100 ulipoanza kazi mwaka 2013, ulizipa ATM za kisiwa hiki uhai zaidi kuliko programu yoyote ya kompyuta.

Kizazi kipya cha mashine kinapokea pesa pia. Hizi, tofauti na za kutolea tu, zinajua kusoma. Kila noti hupimwa ukubwa, humulikwa kwa mwanga unaoonekana na usioonekana, na wino wake wa sumaku hukaguliwa, yote kwa muda usiofika sekunde moja. Noti iliyochanika au iliyolowa hurudishwa, kwa hiyo anayetoka sokoni na pesa za samaki azikaushe na kuzinyoosha kwanza. Aina iliyo bora zaidi ni ile inayotoa tena noti zilezile ilizopokea. Mahali kama Paje, ambako maduka yanapokea taslimu kila siku na wengine wanaihitaji kila siku, mashine ya namna hiyo hujilisha yenyewe, na gari la fedha halilazimiki kwenda mara kwa mara. Naziomba benki ziipeleke kwanza shamba, mjini baadaye. Makunduchi, Mkokotoni na Chwaka wana haja nayo kuliko Shangani. Wakala wa dukani na simu vimesaidia sana, lakini wakala hufunga duka, na pesa taslimu humwishia, hasa wiki ya Idi.

Limebaki lile linalowauma wengi: mashine imekata, pesa haikutoka. Ukitumia kadi ya benki nyingine, ombi lako huenda kwa benki yenye mashine, likapita kwenye kituo cha kuunganisha benki kama UmojaSwitch, likafika benki yako, na jibu likarudi njia ileile. Salio hukatwa kwanza, noti huvutwa baadaye. Mtandao ukikatika katikati, au noti zikikwama, tayari umeshakatwa. Mashine, hata hivyo, huandika kila hatua, na kaseti zikihesabiwa pesa ambayo hukuipata huonekana kuwa ziada. Kwa hiyo usibonyeze tena na tena kwa hasira. Hifadhi risiti, na kama haikutoka, andika siku, saa, mahali na kiasi, kisha peleka malalamiko kwa benki iliyokupa kadi, si kwa benki yenye mashine. Na noti zikitoka zichukue papo hapo, kwa sababu ukizembea mashine huzirudisha ndani, nawe itabidi ufuate mlolongo huohuo kuzidai.