Breki za gari la zamani: fedha ya matengenezo ianzie wapi?

Mfanyabiashara wa Jinja au Mbale mwenye Land Rover, Peugeot au Volkswagen ya miaka ya 1960 na 1970 hukutana na swali moja kila anapopanga kuongeza safari: je, breki za gari hilo zinatosha kwa barabara na mizigo ya leo? Jibu linalotolewa haraka ni kuondoa dramu na kufunga diski. Hata hivyo, kwa upande wa usalama na kwa upande wa mfuko, diski siyo hatua ya kwanza. Mara nyingi ni ya tatu.

Nalufenya, mlango wa Jinja kwa magari yanayovuka Nile kutoka Kampala, ni mahali pazuri pa kuliangalia suala hili. Kwa miongo mingi magari yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954. Daraja jipya lenye urefu wa mita 525 lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Njia hii ni sehemu ya ukanda unaounganisha Mombasa, Malaba na Kampala. Katika foleni moja gari lililoundwa miaka 50 iliyopita hujikuta nyuma ya basi au lori jipya ambalo husimama katika umbali mfupi zaidi. Dereva wa mbele anapokanyaga breki, wa nyuma hana nafasi ya kujieleza.

Sababu za kutunza gari la zamani

Sheria nazo zimebadili hesabu. Mwaka 2018 Uganda ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, na kwa Kenya kikomo ni miaka minane. Hivyo mwenye gari la zamani ambalo tayari limesajiliwa hawezi kuliacha na kuagiza jingine la aina hiyohiyo kutoka ng'ambo. Analonunua jipya linahitaji mtaji mkubwa, na alilo nalo ni mali inayozidi kuadimika. Aidha, mashindano ya magari ya zamani ya Safari, yaliyoanza mwaka 2003, yamesaidia kuonyesha kwamba magari haya yana thamani hata nje ya kazi ya mizigo. Fedha inayowekwa kwenye breki, kwa hiyo, inalinda mtaji pamoja na maisha.

Mteremko ndio mtihani

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Gari lenye uzito wa tani mbili pamoja na mzigo, likisimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa, hutoa nishati ya karibu kilojuli 490.

Sasa tuchukue gari hilohilo likishusha kahawa kutoka Kapchorwa kwenda tambarare za Mbale. Kwa kila mita 600 za kwenda chini, nishati inayopaswa kuzuiwa ni karibu kilojuli 11,800. Hiyo ni sawa na kulisimamisha gari mara 24 kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Injini ikiwa kwenye gia ndogo huchukua sehemu ya mzigo huo. Dereva akiweka gia huru ili kuokoa mafuta, karibu zote zinaangukia breki.

Hapa ndipo dramu inaposhindwa. Ikipata moto hutanuka na kwenda mbali na viatu vya breki, pedeli ikazama, na lainingi iliyochemka ikapoteza mshiko. Diski iko wazi kwa hewa, hupoa haraka, na ikitanuka huelekea kwenye pedi. Ndiyo maana teknolojia hiyo ilienea baada ya Jaguar kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 ikiwa na breki za diski, na Citroën kuziweka kwenye gari la DS mwaka 1955. Pamoja na hayo, Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, zilitoka kiwandani zikiwa na dramu kwenye magurudumu yote manne.

Hatua ya kwanza: rudisha kilichokuwepo

Breki nyingi zinazolaumiwa kuwa ni dhaifu ni breki zilizochoka. Kabla ya kununua kitu chochote cha kuboresha, mwenye gari abadilishe mipira ya breki, silinda za magurudumu zinazovuja, lainingi zilizolowa mafuta na mabomba yaliyooza kwa kutu. Dramu iliyopoteza uduara ipelekwe kwa fundi wa kukereza. Kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa na kiwanda kikipita, dramu hiyo ni chuma chakavu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachotakiwa hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo pedeli hugusa sakafu bila gari kusimama. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo kuliko zote katika orodha hii. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Vile vile, mipira ya silinda isioshwe kwa petroli wala dizeli, kwani huvimba na kuharibika.

Hatua ya pili: masta silinda na busta

Magari mengi ya miaka hiyo yana mfumo mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Masta silinda yenye vyumba viwili hutenganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, ili upande mmoja ukifeli mwingine ubaki. Kwa msafirishaji, hii ni bima inayofanya kazi kabla ya ajali.

Busta, inayotumia mvuto wa hewa wa injini, hupunguza nguvu ya mguu inayohitajika. Haiongezi uwezo wa dramu kuhimili joto. Injini ya dizeli huhitaji pampu yake ya kuvuta hewa ili busta ifanye kazi.

Hatua ya tatu: diski za mbele

Gari likisimama, uzito huhamia mbele, hivyo magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Kwa matumizi ya kawaida inatosha kufunga diski mbele na kuacha dramu nyuma. Mambo manne yaangaliwe kabla ya kulipa.

Kwanza, diski haina nguvu ya kujivuta kama kiatu cha dramu, kwa hiyo huhitaji presha kubwa zaidi. Bila busta, dereva anaweza kupata pedeli ngumu kuliko ya awali. Pili, masta silinda ya zamani inaweza kuwa na vali inayobakiza presha kwa ajili ya dramu. Vali hiyo ikiachwa kwenye njia ya diski, pedi hugusa muda wote na kuungua. Tatu, rimu lazima ipite juu ya kalipa bila kugusa. Nne, nguvu ya nyuma isizidi ya mbele, kwani magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza gari hupinda, hasa kwenye barabara yenye utelezi.

Kishikizo cha kalipa kisiunganishwe kwa kuchomelea kando ya barabara. Kinapaswa kuwa kimetengenezwa kwa kipimo cha ekseli hiyo na kufungwa kwa boliti za daraja linalotakiwa.

Kazi ya nyumbani

Kazi hii inaweza kufanyika uani kwa mtu mwenye vifaa na subira. Gari lisimame kwenye sakafu ngumu, juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi. Kwa Land Rover za Series tahadhari ni zaidi, kwa sababu breki ya mkono hushika shafti nyuma ya gia boksi na siyo magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, breki hiyo inaweza isizuie gari.

Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999 kwa sababu vumbi lake husababisha saratani. Vumbi hilo lisipulizwe kwa kompresa wala mdomo. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa kitakachotupwa.

Baada ya kufunga, upepo hutolewa kwenye mabomba, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Safari ya kwanza iwe bila mzigo na kwa mwendo mdogo, na kila kiungo kikaguliwe tena kama kinavuja. Asiye na uhakika amwite fundi wa breki akague kazi kabla gari halijaingia barabarani.

Spea na mpaka

Kwa mfanyabiashara, spea bora ni ile inayopatikana siku gari linapoharibika. Seti maalum kutoka Uingereza inaweza kuwa nzuri, lakini pedi zake zikiisha gari husubiri mzigo wa ndege. Inayotumia pedi za Toyota iliyoenea katika eneo hili humwezesha mwenye gari kununua Mbale au Eldoret.

Wanaonunua upande wa pili wa Malaba au Busia wakumbuke kwamba cheti rahisi cha uasilia cha Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kinahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kalipa kuukuu iliyotoka Japani au Dubai haiwi ya Afrika Mashariki kwa kuuzwa Nairobi. Risiti na hati za ushuru zihifadhiwe. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kuhusu mabadiliko hayo, ili kusiwe na ubishi siku ya madai.

Katika kupanga bajeti, bei ya spea peke yake haitoshi. Ziongezwe siku ambazo gari halitafanya kazi na gharama ya kukodi jingine. Mwenye fedha kidogo aanze na mafuta mapya, mipira na lainingi. Akipata zaidi aweke masta silinda ya vyumba viwili, kisha diski. Na mpaka hapo fedha itakapopatikana, apunguze mzigo na ashuke milima ya Kapchorwa kwa gia ndogo.