Duka la Wote Halitunzwi na Mmoja

Hakuna jamaa isiyojua uzito wa gharama ya chakula. Mshahara huingia leo, na kabla ya juma kwisha umekwisha kupotea katika njia ya sokoni. Mama anunuaye unga kwa kopo kila siku hulipa zaidi, mwisho wa mwezi, kuliko yule anunuaye gunia zima. Lakini ni nani kati yetu mwenye bei ya gunia mkononi? Hivyo maskini hununua kwa bei kubwa kuliko tajiri.

Jambo hili si la leo, wala si la Kongo peke yake. Twapenda kuwaelezeni, wasomaji wapenzi, jinsi watu maskini wa mji mmoja wa Uingereza walivyolishinda, na hasa twapenda mfahamu kwa nini walifaulu. Maana wengi duniani wamefungua maduka ya ushirika, na mengi ya maduka hayo yamekufa. Fedha yahitajika, hatukatai. Lakini fedha peke yake haijapata kulitunza duka la namna hii hata moja. Hutunzwa na wenyewe, wakija, wakinunua, wakiuliza, wakihesabu.

WAFUMAJI WA ROCHDALE

Rochdale ni mji ulio karibu na Manchester, kaskazini ya Uingereza. Katika miaka ya 1840 watu wake wengi waliishi kwa kazi ya nguo. Mashine zilikuwa zimeshusha thamani ya kazi ya mikono, na mishahara ilikuwa midogo sana. Wenye maduka waliuza kwa mkopo, na mtu mwenye deni hana uhuru wa kuchagua duka jingine. Tena vyakula vyenyewe havikuwa safi: katika Uingereza ya siku zile unga uliweza kutiwa chaki au shabu, na chai kuchanganywa na majani mengine. Mtu alilipa bei ya chakula, akapewa nusu chakula na nusu udanganyifu.

Mwaka 1833 watu wa mji huo walikwisha kujaribu kufungua duka lao. Lakini nao waliuza kwa mkopo. Madeni yakazidi, na baada ya miaka miwili hivi duka likafungwa. Kushindwa huko hakukupotea bure, kwani waliokuja nyuma walikukumbuka.

Mwaka 1844 watu 28, wengine wafumaji, wengine wa kazi mbalimbali, walifanya shirika jipya. Kila mmoja alipaswa kutoa hisa ya paundi moja. Kwa mtu wa mshahara mdogo hiyo haikuwa fedha ya mchezo: wakati ule paundi moja ilikuwa peni 240, nao waliweza kuweka peni mbili, kisha tatu, kwa juma. Walivumilia. Jumamosi jioni, tarehe 21 Desemba 1844, walifungua mlango wa chumba cha chini katika njia iitwayo Toad Lane. Mlikuwa na unga wa ngano, unga wa oti, siagi, sukari na mishumaa, basi. Vijana wa mjini waliwacheka.

Nani alikuwa mwuza duka? Mmoja wao, Samuel Ashworth. Nani alishika fedha? Mmoja wao, William Cooper. Kwanza duka lilifunguliwa jioni tu, Jumatatu na Jumamosi, kwa sababu mchana wenyewe walikuwa kazini.

AMRI CHACHE, LAKINI ZENYE NGUVU

Watu hao walijiwekea amri chache. Tuzitaje zile kubwa.

Ya kwanza: hakuna mkopo. Anunuaye alipe papo hapo. Amri hiyo ilikuwa ngumu, lakini ndiyo iliyoliponya duka na ugonjwa uliolimaliza lile la kwanza.

Ya pili: chakula kiwe safi, na kipimo kiwe kamili. Mwuzaji hana sababu ya kumpunja mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi ndiye mwenye duka.

Ya tatu: kila mwanachama ana kura moja tu, awe na hisa moja au nyingi. Fedha haina mdomo katika mkutano. Mwenye mdomo ni mtu.

Ya nne: ziada igawanywe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Tuseme, kwa mfano wa fedha yetu, kila franka 100 za manunuzi zarudisha franka 5. Mama aliyenunua vitu vya franka 50,000 katika miezi mitatu atapokea franka 2,500. Hakuziomba kwa mtu; ni zake, naye amezipata kwa kulisha watoto wake.

Zaidi ya hayo, kulikuwa na mkutano wa wanachama wote kila miezi mitatu, na hesabu zikasomwa mbele yao. Mwaka 1846 mwanamke mmoja, Eliza Brierley, aliandikwa kuwa mwanachama, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilimnyima mwanamke aliyeolewa haki ya kushika mali yake mwenyewe. Katika miaka ya 1850 shirika lilianza kutenga franka mbili na nusu, kama tungesema sisi, katika kila mia ya ziada, kwa ajili ya elimu: vitabu, magazeti, chumba cha kusomea.

UNGA ULIOWAJARIBU

Mwaka 1849 benki ya akiba ya mji ule ilianguka, na watu wengi walipoteza fedha zao. Ndipo walipolitazama kwa macho mengine lile duka lililochekwa. Mwisho wa mwaka huo wanachama walikuwa 390. Mwaka 1850 wakafika 600. Mwaka 1860 walikuwa 3,450.

Lakini msidhani kwamba njia ilikuwa tambarare. Mwaka 1850 walianzisha kinu cha kusaga nafaka, ili wapate unga safi wao wenyewe. Mwanzoni unga ule haukuwa mzuri, na hasara ikaingia. Wanachama wengi wakaenda kununua unga kwingine. Hapo twaona hatari iliyo kubwa kuliko wezi: mwenye mali kuiacha mali yake siku ya shida. Kama wote wangaliondoka, kinu kingalikufa. Bahati njema, wengine walisimama imara. Walishauriana, wakarekebisha kazi, wakaendelea kununua, na kinu kikaanza kuleta faida.

Kiwanda cha nguo walichokianzisha mwaka 1854 hakikupata bahati hiyo. Nia yake ilikuwa kwamba wafanya kazi nao wapate sehemu ya faida. Kwa kuwa kilistawi, watu wengi waliingia kwa kununua hisa, wasijali nia ile. Walitaka faida tu. Mwaka 1862 hao walikuwa wengi katika mkutano, wakapiga kura, na sehemu ya wafanya kazi ikafutwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja mlango. Jina lilibaki, moyo ukatoka. Shirika laweza kufa hata likiwa na fedha nyingi.

MAPADRI WAWILI WA KANADA

Mfano wa Rochdale ulienea nchi nyingi. Sisi Wakatoliki yatupasa kukumbuka hasa jimbo la Nova Scotia, katika Kanada, ambako wavuvi na wakulima waliuza kwa bei ndogo na kununua kwa bei kubwa. Huko mapadri wawili, James Tompkins na Moses Coady, waliona kwamba sadaka peke yake haitawaondoa watu katika umaskini. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mjini Antigonish, kilianzisha idara ya kuwafundisha watu wazima, na Padri Coady akawa mkuu wake wa kwanza.

Hawakuanza kwa kujenga duka. Walianza kwa kukusanya watu wachache wachache, nyumbani kwa mmoja wao, wasome na kujiuliza: fedha yetu yakwenda wapi? Nani huweka bei? Sisi wenyewe twaweza nini? Baada ya kujifunza hivyo ndipo walipofungua vyama vya akiba na mikopo, viwanda vya samaki na maduka ya ushirika. Padri Coady alifariki mwaka 1959, na mwaka uo huo chuo kikuu kile kilianzisha taasisi yenye jina lake, ambayo imewapokea Waafrika wengi wakijifunza kazi ya ushirika.

NA SISI JE?

Kwetu twajua likelemba: kila mmoja hutoa, na kila mmoja hupokea kwa zamu. Hiyo ni shule njema ya uaminifu. Lakini likelemba huishia mkononi mwa anayepokea. Duka hubaki, nalo lahitaji macho kila siku.

Sheria nayo haituzuii. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012. Sheria yake juu ya mashirika ya ushirika, iliyotolewa tarehe 15 Desemba 2010, yasema kwamba watu 5 watosha kuanzisha shirika dogo, na kwamba kila mwanachama ana kura moja, hata hisa zake ziwe ngapi. Amri ya wafumaji wa Rochdale imekuwa sheria ya nchi yetu.

Basi, jamaa za mtaa mmoja zikikubaliana kununua pamoja magunia ya maharagwe, unga wa muhogo na mafuta ya mawese, zisiulize kwanza: ni nani atakayetupa fedha? Zijiulize haya: Nani atakwenda kuchagua magunia? Nani ataandika? Nani, asiye yule aliyeandika, atahesabu tena? Je, akina mama wanunuao kila siku watakuwa na sauti katika mkutano, au wataachiwa kazi ya kubeba tu? Na siku unga utakapokuwa mbaya, tutalia pamoja tuurekebishe, au kila mtu atakimbilia duka jingine kimya kimya?

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo, lisiposomwa na watu, ni karatasi tu. Ninyi wanafunzi mjuao hesabu, msione haya kuwasomea wazazi wenu daftari hilo kwa sauti mbele ya wote. Ninyi wazazi, msione haya kuuliza. Kuuliza si kumshitaki mwenye kushika fedha. Ni kumsaidia abaki mwaminifu, maana hata mtu mwema huchoka akiachwa peke yake na sanduku la wengine.

Wavivu husema: "Ushirika ni wa wote, basi mwenzangu atauangalia." Watu 28 wa Rochdale walisema: "Ni wa wote, basi ni wangu." Kila jamaa ichague moja ya maneno hayo mawili kabla ya kutoa franka yake ya kwanza.